Sifa za Kichomoza

Ilikuwa mwaka 1959, mwanzoni mwa masika, katika wiki ile ambayo ardhi ya Uwandani, kule juu mlimani, hulainika kiasi cha kupokea kidole. Mwaka huo unatajwa hapa kwa ajili ya watu wa mabondeni, ambao hawaridhiki mpaka kila jambo liwe na tarehe. Kwa watu wa Uwandani wenyewe miaka haikupangana mstarini. Ilirundikana mahali pamoja kama nguo kapuni, na aliyetia mkono angeweza kutoa wowote. Kwa hiyo Bi Semeni, alipokuwa akiupanda mlima asubuhi ile, alikuwa na magoti ya kikongwe katika kona moja ya njia, na katika kona iliyofuata alikuwa na magoti ya msichana. Hakustaajabu. Alikuwa akienda kumwona mdogo wake, Tunu, ambaye alikuwa amekwisha kufa.

Uwandani wafu hawakuwekewa mawe ya kaburi wala mti wa kumbukumbu. Maiti alitiwa mbegu moja kiganjani, nyeusi, ndogo kama ya mchicha, isiyotofautiana na nyingine yoyote, kisha akafukiwa. Gizani mle mbegu iliinywa sura ya mtu yule taratibu, na masika yalipoingia ilitoa ua moja lisilozidi urefu wa kidole, liitwalo kichomoza. Aliyeyatazama maua hayo akiwa amesimama aliona weupe mmoja uliotapakaa, kana kwamba mtu amemwaga unga akaenda zake. Aliyeinama aliona kwamba hapakuwa na mawili yaliyolingana. Marehemu mmoja alikuwa na kishimo kidevuni, na ua lake lilikuwa na kishimo katika ncha ya kila petali. Mwingine alitembea akiegemea upande, na shina lake liliegemea upande. Wajibu wa ndugu ulikuwa kupanda kila masika, kulitambua ua la mtu wao, na kutamka mbele ya Msimamizi wa Uwandani, "Huyu ni wetu." Ua lililotamkiwa hivyo lilizungushiwa vijiti, na tangu hapo mtu wa ukoo mwingine hakuruhusiwa kulitazama. Kulitazama ua la wenyewe kulihesabiwa sawa na kumchungulia mtu bafuni. Watu walipovipita vijiti vya wenzao waligeuza nyuso, na watoto walifundishwa kuzigeuza kabla hawajafundishwa kunawa.

Ua ambalo halikutamkiwa na mtu, ardhi yake ilipinduliwa kwa jembe la ng'ombe, ikapandwa pareto.

Pareto nayo huchanua, tena huchanua vizuri. Lakini hupandwa kwa mistari, na katika mstari hakuna ua linalomhusu mtu. Huchumwa vichwa, hukaushwa, husagwa, huuzwa kwa wanaotaka kuua wadudu. Kila masika mistari ile ilikuwa imeupanda mteremko zaidi kuliko masika yaliyotangulia, na hakuna aliyeweza kusema ilianza lini kupanda. Ilikuwa ikitambaa kama maji yanavyoupanda utambi.

"Umechelewa, dada," sauti ilimpokea Bi Semeni penye kilele. "Nimekwisha kudhani umekufa. Nikaanza kujiuliza nani atakayekutambua."

Alikuwa Mwanahawa, mwanamke wa bonde la pili. Walikuwa wakikutana Uwandani kila masika, na kwingineko kokote hawajawahi kukutana.

"Kunitambua mimi si kazi," alijibu Bi Semeni. "Tafuta ua lililonuna."

"Yote hapa yamenuna. Yamekuona unakuja."

Mwanahawa alicheka peke yake, akaacha ghafla. Alikuwa akimtafuta binti yake, Zamda, aliyefukiwa Uwandani akiwa mwari, na tangu hapo hajaliona ua lake hata mara moja. Alikuwa amelala kifudifudi katika kila pembe ya mteremko ule. Alikuwa amekuja alfajiri, maua yakiwa yamefumba, na amekuja adhuhuri, yakiwa yamegeuka rangi. Kila aliyekutana naye alielezwa alama ya mtoto yule, hata asiyeuliza: sikio la kushoto lilijikunja kwa juu, ncha tatu, kama sambusa, wenzake wakimwita Sambusa, naye akiitika. "Ua la namna hiyo halijifichi," alikuwa akisema. "Basi mbona linajificha?"

Misimu iliyopita Msimamizi alikuwa amemvumilia. Mwaka huu ng'ombe walikuwa wamesimama tayari chini ya mteremko, wamefungwa nira.

Msimamizi alikuwa mtu ambaye uso wake haukumbukiki. Kila masika watu walibishana kama ni yule yule wa mwaka jana ama ni mwingine aliyevishwa koti lake, na ubishi huo haukupata kufikia mwisho, kwa sababu aliyemtazama usoni alimsahau alipofumba macho. Alisimama juu ya kichuguu, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma, ingawa hakuwa ameshika kitu.

"Mwaka huu kusema 'huyu ni wetu' hakutoshi. Watu wamezoea kusema. Jua litakapofika utosini, kila mmoja atalipa ua lake kisogo na kulieleza sifa zake: majani, shina, petali, koo lake. Maneno yakifuatana na ua, vijiti vinabaki. Yasipofuatana, ng'ombe wanapita."

"Na nani atakayejua kama ua lenyewe linafuatana na marehemu?" aliuliza Mwanahawa.

"Hilo halinihusu. Marehemu wenu sikuwajua. Mimi nina ua na nina maneno, basi."

Bi Semeni hakuona tabu katika agizo lile. Alikuwa mtu wa kueleza mambo kwa utaratibu, na hakupenda watu wanaosema ovyo. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye vijiti vyake, akapiga magoti, akaliinamia ua alilokuwa akilitamkia misimu yote. Na hapo, kwa mara ya kwanza, akalitazama.

Kabla ya siku ile alikuwa akilijua kwa mahali, chini ya jiwe lenye umbo la kigoda, upande wa mawio. Na kwa rangi, kwamba ni jeupe. Sasa aliona jiwe liko juu zaidi ya alivyolizoea, au mteremko ndio ulioshuka. Udongo wa Uwandani hutambaa mvua zinapounyeshea, na wafu hutambaa nao, kila mmoja amelala akiota yuko alipolazwa. Ama weupe, weupe si sifa. Kichomoza huchanua kikiwa cheupe asubuhi, huanza kuona haya kadiri jua linavyopanda, na adhuhuri huwa na rangi ya ufizi wa mtoto. Aliyesema "ni jeupe" amesema saa tu, hajalisema ua. Bi Semeni akasikia baridi ya kwanza ikimpitia chini ya kanga.

Akaanza upya, kutoka chini, kama inavyopasa. Majani ya kichomoza hulala juu ya udongo, mawili, yakielekeana kama viganja vya mtu anayeomba dua. Hapa palikuwa na viganja viwili, na chini yake jani la tatu, dogo, lililojibana kama mtoto katikati ya watu wazima. Shina lilikuwa jembamba, jekundu penye mzizi, likipauka kwa kadiri lilivyopanda. Akalipitishia ncha ya kidole na hakukuta unywele hata mmoja. Tunu alikuwa na malaika nyingi mikononi, vile vinywele laini. Hilo Bi Semeni alilijua, au alidhani analijua. Kooni mwa ua palikuwa na manjano kidogo na vistari vya zambarau vilivyoelekea ndani, kama njia ambazo nyuki hufuata bila kuuliza. Petali zilikuwa tano. Nne zilikuwa zimekunjuka vizuri. Ya tano, upande wa kushoto, ilikuwa imejikunja kwa juu, ncha tatu.

Akaikunjua kwa ukucha. Petali ikamtii kwa muda wa pumzi moja, kisha ikarudi kujikunja.

Mwanahawa alikuwa ameketi hatua chache tu kutoka pale, amegeuza uso kwa adabu, asije akaona ua la wenyewe. Alikuwa amefanya hivyo kila masika. Alikuwa amelitafuta ua la binti yake Uwandani kote, isipokuwa mahali pale pamoja ambapo heshima ilimkataza kutazama.

Je, mtu ni nini, hata aweze kupotea akiwa amezungushiwa vijiti? Bi Semeni aliliuliza swali hilo bila kufungua kinywa, na halikuwa swali la mtu mvivu. Ikiwa ua hili liliitwa Tunu misimu yote, likaitika, yaani halikukataa, je, halikuwa Tunu kidogo? Jina si huwekwa na mwenye sauti? Msimamizi alikuwa amesema vyema: ua na maneno, basi. Naye Bi Semeni alikuwa na maneno. Hakuna mtu Uwandani kote ambaye angeweza kulieleza ua lile vizuri kuliko yeye, na hakuna aliyeruhusiwa kulitazama ili amkanushe. Angenyamaza, vijiti vingebaki, ukoo wake ungekuwa na mahali pa kupanda kila masika. Angesema ni la Zamda, angekuwa mtu asiye na ua.

Lakini basi Tunu alikuwa wapi?

Akainuka, akateremka kumtafuta. Ukungu ulikuwa umeingia kutoka bondeni, na ndani yake miaka ilikuwa ikipishana bila kusalimiana. Akampita mwanamke aliyepiga magoti akichomeka vijiti upesi upesi. Alikuwa yeye mwenyewe, wa masika ya kwanza, mwenye haraka, kwa kuwa nyumbani aliacha nguo kambani.

"Tazama kwanza," Bi Semeni alimwambia.

"Nimetazama. Ni jeupe," alijibu yule mwanamke bila kuinua kichwa. "Wewe nani?"

Bi Semeni akaendelea kuteremka. Aliinama kwenye kila ua lisilo na vijiti, na kila ua lilimtazama kama mtu anayengoja kuitwa shuleni. Lenye shina la malaika. Lenye petali sita. Lenye koo jeupe lisilo na vistari. Na kadiri alivyoinama ndivyo sauti ilivyozidi kumjia, si kutoka ardhini, bali kutoka nyuma yake, mahali ambapo Tunu alizoea kusimama.

*Dada, nilikuwa na nyusi za namna gani?*

Nyembamba, alisema Bi Semeni. Nadhani nyembamba.

*Pengo langu lilikuwa juu au chini?*

Ulikuwa na pengo?

*Nilipocheka, nilianza kwa mdomo au kwa mabega?*

Alisimama. Alikuwa amemsuka Tunu nywele kila Ijumaa, miaka nenda miaka rudi. Angeweza kueleza chanuo, meno yake, lile moja lililovunjika. Angeweza kueleza kigoda na mafuta na harufu ya mafuta. Kisogo kile kilikuwa kimelala magotini mwake kama tunda, na asingeweza kusema kama kilikuwa na kovu. Kumbe kuishi na mtu si kumwona. Mtu wa nyumbani hutumika kama mlango: unapitia hapo kwenda kwingine, na ukiulizwa mlango wenu una mbao ngapi unabaki kutumbua macho. Tunu alikuwa amempitisha kila mahali. Na katika asubuhi moja tu, kwa magoti yaliyolowa, Bi Semeni alikuwa amemjua zaidi binti wa watu, asiyepata kuonana naye akiwa hai, kwa jani lake la tatu na shina lake lisilo na unywele, kuliko alivyomjua aliyenyonya naye ziwa moja.

Ukungu ukakatika. Mbele yake palikuwa na pareto, mistari baada ya mistari, kila ua na mwenzake, kila kichwa na kichwa. Mistari ile ilikuwa mahali ambapo mwaka jana palikuwa na mteremko mtupu. Huenda Tunu alikuwa chini yake. Huenda hakuwa chini yake, ila alikuwa miongoni mwa yale aliyoyainamia sasa hivi akayaacha, shina la malaika au petali sita, yakamtazama yakijua. Hilo ndilo lililomketisha chini: kwamba hata kama ua lilikuwapo bado, limechanua, lina haya usoni, likimngoja, yeye hakuwa na jicho la kulijulia.

*Usilie, dada. Jua linapanda.*

Jua lilikuwa limepanda kweli. Alipofika tena juu, Msimamizi alikuwa amekwisha kumfikia Mwanahawa.

"Ua lako liko wapi?"

"Lipo. Mimi ndiye sijui lilipo."

"Eleza sifa zake."

"Sikio la kushoto limejikunja kwa juu. Akiitwa, huitika kabla hujamaliza jina. Mguu wake wa..."

"Nimeuliza ua."

"Nami ninakuambia mtu!" alisema Mwanahawa. "Wewe ulizaliwa na nani, hata hujui kipi hutangulia?"

Watu wakacheka kidogo, kwa woga. Msimamizi aliwainulia mkono wenye ng'ombe, ishara kwamba wajitayarishe, kisha akamgeukia Bi Semeni.

"Lipe kisogo, useme."

Bi Semeni akalipa ua kisogo. Sasa alitazamana na mgongo wa Mwanahawa, kwa kuwa hata katika saa ile Mwanahawa alikuwa amegeuza uso, kwa adabu, asione.

"Majani yake ni mawili, na la tatu dogo limejificha chini yake," alisema Bi Semeni, kwa sauti iliyopangika kama kawaida yake. "Shina ni jekundu penye mzizi, halina unywele. Koo ni la manjano, lina vistari vya zambarau viingiavyo ndani. Petali ni tano. Nne zimekunjuka. Ya tano, upande wa kushoto," na hapo aliuona ule mgongo ukikakamaa, "imejikunja kwa juu. Ncha tatu."

Msimamizi akainama, akatazama, akainuka.

"Yanafuatana. Vijiti vibaki."

"Yanafuatana na ua," alisema Bi Semeni. "Hayafuatani na Tunu."

"Hilo halinihusu."

"Linamhusu huyu. Mwanahawa, geuka."

"Siwezi," alisema Mwanahawa, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Hilo ni ua la wenyewe."

"Mwenyewe ni wewe. Geuka, mwenzangu."

Akapiga magoti, akaanza kuving'oa vijiti. Msimamizi alimtazama kwa uso wake ule usiobaki akilini.

"Ukiving'oa, ukoo wako hauna ua Uwandani. Hutakuwa na sababu ya kupanda tena huku."

"Ninajua."

"Na la kwenu likiwa humo nitakamopita?"

"Sitalijua," alisema Bi Semeni. "Hata ukinionyesha sitalijua. Pita."

Mwanahawa aligeuka taratibu, kama mtu anayegeuza mgonjwa. Kisha akajilaza kifudifudi, kidevu juu ya udongo. Hakuligusa ua. Alilipulizia tu, pumzi ya kupoza uji wa mtoto, na petali ya kushoto ikatikisika. "Huyu ni wangu," alisema hatimaye, si kwa Msimamizi. Msimamizi aliyasikia, naye hakuwa mtu wa kukataa maneno. Akateremka kwenda kwa ng'ombe wake.

Bi Semeni alikuwa ameviweka vijiti kando ya mkono wa Mwanahawa, akakunja kanga yake, akawa anaondoka.

"Unakwenda wapi?" Mwanahawa aliuliza, bado amelala. "Misimu yote hii umeketi hapa na mwanangu. Mimi nimeketi pale, nikiwapa mgongo, nikisikia unanong'ona. Ulikuwa ukimwambia nini?"

"Mambo ya nyumbani. Nilidhani ninamwambia Tunu."

"Aliyesikia ni Zamda. Yalikuwa masikio yake, na mazungumzo hayo yalikuwa ya mimi kumpa. Nilipe."

Hakutania. Bi Semeni akarudi, akaketi upande wa pili wa ua.

"Masika ya kwanza nilimwambia paa linavuja."

"Enhe."

"Linavuja upande wa jikoni. Nikamweleza jinsi fundi alivyokuja akala ugali wetu, akapanda juu, akaongeza tundu la pili."

Mwanahawa akaguna, ikawa karibu na kucheka. "Endelea."

"Masika yaliyofuata nilimwambia kwamba jirani amepitisha ua wa nyumba yake ndani ya kiwanja chetu. Nikamtukana jirani. Nikaeleza miguu yangu inavyovimba. Nikasema chumvi ya siku hizi haina ladha."

"Masikini mwanangu!" Mwanahawa aliketi, machozi na kicheko vimekwisha kuchanganyika. "Mwari wa watu, analetewa paa bovu na miguu ya kuvimba! Hukuwa na jambo jema hata moja?"

Bi Semeni alifikiri kwa uaminifu. "Nilimwambia kuku wetu mweusi ametotoa."

"Yote?"

"Yote. Hata lile yai lililochelewa."

"Hilo atakuwa amelipenda." Mwanahawa alirudia maneno yale kimoyomoyo, kama mtu anayehakiki ladha. "Na mwaka jana? Mwaka jana sikusikia kitu."

"Mwaka jana sikusema neno. Niliishiwa. Niliketi tu hapa mpaka likafumba."

"Kwa muda mrefu?"

"Mrefu."

Mwanahawa akapangusa pua kwa ncha ya kanga, akasogea kumwachia nafasi kando yake.

"Basi na kimya hicho ni changu. Kaa."

Bi Semeni akalizunguka ua, akakaa bega kwa bega naye. Huko chini mtu aliwapigia ng'ombe mluzi, na jembe likaingia ardhini kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Hakugeuza kichwa kutazama limepita juu ya nani. Alinyamaza, kimya kile kile cha mwaka uliopita, bila kupunguza kitu, mpaka petali ya kwanza ilipoanza kujifunga, kisha ya pili, na Mwanahawa akaegemea bega lake akalala usingizi.